Zege la Nyuma ya Nyumba

Saruji mbichi ina harufu yake ikimwagiwa maji kwenye jua kali. Si harufu ya mvua wala ya udongo. Ni kitu cha baridi kinachokwaruza puani, kama jivu la jikoni lililolowana. Mwezi uliopita, mafundi walipomaliza kunijengea kingo na njia za zege kuzunguka nyumba yangu hapa Likombe, harufu hiyo ilinikuta nimesimama mlangoni na ndoo mkononi, nikajiona mtoto aliyeitwa na baba yake kwa jina kamili. Fundi kijana akaniambia, "Mama, usisahau kumwagilia, asubuhi na jioni, siku saba." Nikamjibu kwamba najua. Na ninajua kweli, msomaji wangu, kwa sababu niliwahi kuambiwa maneno hayohayo nikiwa na miaka tisa, na sikuyafuata.

Nyumba tuliyokulia iko mtaa wa pili kutoka hapa. Ilikuwa ya tofali na bati, na kila masika maji ya paa yalichimba mchanga chini ya ukuta mpaka msingi ukabaki wazi. Tuliishi humo na Bibi, mama yake Baba, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kwenda chooni, nyuma ya nyumba, alipapasa ukuta kwa kiganja huku akihesabu hatua kwa Kimakonde, na mvua ikinyesha tulisikia kila mara sauti ya kiganja kikikwaruza ukuta kwa ghafla, tukajua ameteleza. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Siku moja alirudi kazini akasema mama yake hatakanyaga tope tena. Akaanza kuleta saruji, mfuko mmoja mmoja, na kwa kuwa stoo hatukuwa nayo, mifuko ililazwa juu ya mbao chumbani kwangu. Nililala na harufu ile miezi mitatu.

Fundi hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa Mbano, Mngoni wa Songea aliyekuja Mtwara ujanani akaoa akabaki, na sisi Wamakonde na Wangoni ni watani. Hili nisipolieleza vizuri mtanishangaa baadaye. Baba na Mbano walikuwa hawasalimiani, walikuwa wanatukanana. Mbano akipiga hodi, Baba aliniagiza nifiche sufuria kwa sababu mwizi amefika, kwamba babu zake walikuja huku kutupora na yeye amekuja kumalizia vilivyobaki. Mbano alijibu kwamba Wamakonde hawakuwa na cha kuporwa, walikuwa wamejificha juu milimani na panya wao. Kisha waligongana mabega na kukaa, wakala sahani moja. Neno "mwizi" nyumbani kwetu lilikuwa na ladha ya chai ya jioni. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo, naye aliniita mtani mdogo.

Alifanya kazi ile siku tatu, na sijaona tena fundi mwenye subira kiasi hicho. Alichomeka vigingi, akavuta kamba, akagongomea mbao za pembeni, akashindilia kifusi huku akihema. Kabla hajamwaga zege la nyuma alimwomba Bibi avue kandambili apite pale mara tatu, ili aone anatupa mguu vipi. Halafu akaujenga ukingo wa upande mmoja juu kidogo kuliko njia, ili Bibi aufuate kwa ubavu wa mguu bila kupapasa ukuta. Mwisho kabisa alichukua ufagio wa chelewa akaupitisha taratibu juu ya zege bichi, likabaki na mistari myembamba. "Bibi asiteleze," alisema, kama anayeongea na ufagio.

Jioni ya siku ya tatu akaniita mbele ya Baba. "Mtani mdogo, mimi kazi yangu imeisha. Fundi ni wewe sasa." Alifunika zege lote kwa magunia na kunionyesha jinsi ya kuyalowesha mpaka maji yatulie juu. Ndoo sita asubuhi, ndoo sita jioni. Bomba lilikuwa mbali kidogo, na jua la msimu ule wa mabibo halikuwa na huruma, lakini nilijiona mkubwa, nikaitikia mpaka Bibi akacheka.

Siku ya kwanza nilimwaga zote sita. Siku ya pili wasichana wa mtaa walikuwa uwanjani wanacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na timu yangu ilikuwa inashinda. Nikapiga hesabu ya kitoto. Baba akirudi kutoka bandarini hupita mbele tu, kutoka getini mpaka mlangoni, na huko nyuma haendi mpaka giza limeingia. Mama alishinda shambani. Bibi haoni. Basi nikamwaga ndoo mbili mbele, magunia ya pale yakang'aa, nikakimbilia rede. Baba aliporudi alikanyaga gunia kwa kidole gumba, maji yakatoka, akanisifu kwa Mama. Sifa ile niliipokea nikala nayo ugali.

Siku ya nne Mbano alipita akielekea kwenye kazi nyingine. Nilikuwa nafunga mpira wa rede kwa kamba. Akazunguka nyuma, akainua gunia, akaweka kiganja juu ya zege na kukiacha hapo.

"Limekunywa hili?"

"Limekunywa."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesubiri chenji. Kisha akanieleza polepole kwamba saruji ikinyimwa maji siku hizi za mwanzo huungua kwa ndani, na ikishaungua hata uje uimwagie bahari nzima haiponi. Nikaitikia. Akachukua ndoo yangu iliyokuwa na maji nusu, akaimwaga pale, akaenda zake. Na mimi, nataka mlijue hili kama lilivyokuwa, kesho yake nilikwenda tena kucheza rede.

Mvua zilipoanza, zege la nyuma lilianza kutoa unga. Likapasuka, kisha ukingo ule wa kufuatwa kwa mguu ukaanza kumeguka vipande. Asubuhi moja Bibi aliufuata kama alivyofundishwa, akafika mahali ulipomeguka, akaanguka. Mkono wa kulia ulivunjika kwenye kifundo. Wakati anainuliwa alikuwa anauliza kama ameharibu njia ya watu.

Baba alipiga zege la nyuma kwa kisigino, likavunjika kama muhogo mkavu. Akaenda mbele akapiga pia. Mbele lilikuwa gumu kama jiwe, na mpaka leo lipo. Hapo akapata jibu lake, na ukiangalia kwa macho yake lilikuwa jibu la haki. Akaagiza Mbano aitwe.

Mbano alikuja mbio kwa sababu alisikia Bibi ameanguka. Majirani walikuwa wamejaa uani. Baba hakumpa mkono.

"Mbele panapoonekana umeweka saruji. Nyuma, kwa kipofu, umeweka mchanga. Mifuko yangu imekwenda wapi? Mwizi wewe."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, jamani, mbele ya watu wote, kwa kuwa kila siku Baba akimwita Mbano mwizi tulicheka, na nilikuwa na hamu ya kusikia safari hii atajibiwa nini kuhusu panya.

Mbano alichuchumaa, akaokota kipande cha zege, akakisugua kati ya vidole mpaka kikawa unga, halafu akainua macho akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha kicheko kuniishia. Akasimama, akajikung'uta mikono.

"Nimesikia, mzee," alimwambia Baba. Akaingia ndani kumpa Bibi pole, akachukua mwiko wake aliokuwa ameuacha kwetu, akaondoka.

Siku mbili za kwanza nilijipa moyo kwamba ni utani tu umekuwa mrefu. Nilimsubiri jioni apige hodi, nifiche sufuria. Baada ya hapo sina la kujitetea. Nilielewa kabisa, nikaogopa fimbo ya Baba, nikanyamaza. Nilimlisha Bibi uji kwa kijiko miezi miwili, mkono wake ukiwa kifuani, naye akinishukuru kwa kila kijiko. Mara moja nilifungua mdomo nimwambie. Akauliza, "Nini, mjukuu wangu?" Nikamwambia uji umepoa.

Likombe ni mahali padogo. Fundi akishaitwa mwizi wa saruji, jina hilo humtangulia kila anakokwenda. Haikufika mwaka, Mbano akahamia Mikindani na familia yake, tukasikia anafanya vibarua vya kubeba tofali kwa mafundi wengine.

Bibi alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tano. Kwenye msiba wetu mtani ana kazi yake. Ndiye anayevuruga huzuni, anayekwenda kukaa ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, anayemwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Mbano alikuja. Alikaa nyuma kwenye mkeka, akatoa rambirambi, akazika kama jirani yeyote, akaaga. Nilimwona Baba akigeuka mara mbili kaburini kutazama alipo. Siku ile nilijua nimevunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukiziba, na bado nikanyamaza, maana sasa nilikuwa na miaka sita zaidi ya kuonea aibu.

Baba sasa ni mzee na anaishi kwangu. Mwezi uliopita, jioni ya siku ya tatu ya kumwagilia, alikuwa ameketi barazani akinitazama nikirudi na ndoo. Akasema, bila uchungu wowote, "Mwagilia vizuri. Hawa walau hawakukuibia." Nikaweka ndoo chini nikamwambia yote: rede, ndoo mbili, magunia ya mbele, kiganja cha Mbano. Nilitegemea anifokee, na kwa kweli nilitaka anifokee. Adhana ya magharibi ilipoanza akauliza kama Mbano bado yu hai.

Siku ya sita tulikwenda Mikindani. Tulimkuta Mbano nje ya nyumba yake, mvi kichwa kizima, anachonga mpini wa jembe. Njiani Baba alikuwa amejiandaa. Nilimsikia akijaribu maneno chini kwa chini, mengine ya kale, ya uporaji na sufuria. Lakini Mbano aliinuka, akavaa shati, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee. Karibu sana."

Alituletea viti na kuagiza chai. Nikapiga magoti nikamweleza kwamba ni mimi. "Nilijua, mwanangu, tangu siku ya nne," alisema. "Niliona nikikutaja nitaonekana najificha nyuma ya mtoto. Nikadhani utasema mwenyewe, leo au kesho." Hakulisema kwa kunichoma. Aliniinua akanipa kikombe. Baba alimwomba msamaha, akajibiwa kwamba yameshapita. Kila tulichoomba tulipewa. Wakauliziana afya, watoto, bei ya korosho.

Wakati wa kuaga, Baba alishindwa kujizuia. Akasimama, akamnyooshea fimbo yake ya kutembelea, akasema kwa sauti ile ya zamani, "Mngoni, nihesabie vikombe vyako, maana nakujua, utasema nimeiba mimi." Kisha akangoja. Nami nikangoja. Nilikuwa naomba moyoni nisikie habari za panya.

Mbano alitabasamu kwa adabu. Akamshika Baba mkono kwa mikono miwili.

"Safari njema, mzee wangu. Mungu awafikishe salama."

Kwenye bajaji Baba alitazama nje njia nzima. Tulipokaribia Likombe akasema, "Ametupokea vizuri." Baada ya muda akasema tena, "Vizuri sana." Nilipokuwa mtoto sikujua kwamba mtu anaweza kukusamehe kabisa na bado usirudi ulipokuwa moyoni mwake.

Zege langu lilitimiza siku saba kesho yake, na fundi kijana akanipigia simu kusema sasa naweza kuacha. Nilichota siku ya nane, na ya tisa, na ya kumi, nikianza na la nyuma. Baba alikuwa barazani akiniangalia, na hakuniambia inatosha.