Mwanangu Alificha Karatasi ya Mifupa Yangu

Admin, ficha jina langu, hapa Likasi tunajuana. Nina miaka sabini na moja, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaandika kwa mkono mmoja, wa pili umo ndani ya plasta. Mkiona makosa, nivumilieni. Nina hasira.

Mwaka jana niliteleza mlangoni pa nyumba yangu, mtaa wa Shituru, nikavunjika nyonga. Walinipasua, wakaweka chuma, na kwa hilo ninawashukuru. Siku ya kutoka hospitali, munganga, yaani daktari, alisimama kwenye korido na mwanangu wa kwanza, wakanong'onezana Kifaransa, mimi nikiwa palepale kwenye kiti cha magurudumu. Kifaransa nimekifundisha miaka thelathini! Hakuna aliyegeuka kunitazama. Munganga akampa karatasi. Nilipouliza, mwanangu akasema, "Ni dawa ya maumivu tu, Mama."

Akanipeleka kwake, mtaa wa Panda. Ikawa kulala tu. Nikiomba fimbo nitembee uani, mke wake anasema, "Mama, bwana alikataza, utaanguka." Miguu ikanyong'onyea kama ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita niliinuka kufungua dirisha, nikayumba, nikajishikiza mezani. Kifundo cha mkono kikavunjika. Kwa kujishikiza tu! Hospitalini tukakuta munganga mwanamke, kijana, akaniuliza mimi, si mwanangu:

"Mama, kisha ile nyonga kuvunjika, walikupatia dawa gani ya kutia mifupa nguvu?"

"Ya maumivu tu."

Akatikisa kichwa. "Muntu wa miaka yako akivunjika kwa kuanguka kidogo, mifupa yote imelegea. Kutengeneza pale penye ilivunjika haitoshi. Bila dawa, itavunjika ingine."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyumbani nikamwambia, "Leta ile karatasi." Akaitoa kabatini, chini ya mashati. Nikaisoma mwenyewe: kidonge kimoja kila wiki, mazoezi ya kutembea, kurudi kupimwa. Yote yaliandikwa. Zaidi ya mwaka mzima!

"Kwa nini?"

"Mama, nilizania ni dawa ya bantu benye bangali na miaka mbele. Weye ulishazeeka."

Mtoto huyu nilimshika mkono kumfundisha herufi ya kwanza. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka: "Miye siko maiti! Mifupa ni yangu, si yako!" Akalia. Sikumbembeleza, na hadi leo sijutii.

Sasa kidonge nimekianza. Kila Jumatatu asubuhi ninakimeza kabla ya kula, na glasi nzima ya maji, kisha ninakaa wima nusu saa bila kulala, kama nilivyoagizwa. Ninatembea uani, hata wakinung'unika.

Ninataka kurudi Shituru. Mdogo wangu, naye mjane, amekubali tuishi wote. Lakini mwanangu anasema, "Ukitoka hapa, ukivunjika tena, usiniite." Wazee wa kanisa wamekuja wakaniambia nitii, kwa sababu ndiye atakayenizika. Kuzikwa, kuzikwa! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka kuishi vipi.

Ninampenda. Ndiyo maana inauma hivi. Lakini nikibaki, ninaogopa siku moja ataamua tena juu ya mwili wangu bila kuniambia.

Ninyi wenye wazazi, na ninyi wazee wenzangu, niambieni hata kama jibu litaniuma: nibaki au niende? Jibuni upesi. Nguo nimeshazifunga.