Chokaa na Sikio la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za ndege kwenye uwanja mdogo nje ya Nakuru, na hakuna kitu alichojivunia kama sikio lake. Kipande cha chuma alikifunga uzi, akakining'iniza, akakigonga kwa spana. Kikilia vizuri ni kizima. Kikikoroma kina ufa. Hata sufuria zangu alizigonga. Nilimwambia mara nyingi kwamba angeoa kengele.

Halafu ikaja karatasi ya sheria zilizopendekezwa kuhusu vipuri vya injini, na mafundi wakaombwa maoni. Ilisema sikio halitoshi: kila kipande kilowekwe kwenye mafuta ya taa, kipanguswe mpaka kikauke, kisha kipakwe chokaa. Kama kuna ufa, mafuta yatajitokeza kwenye weupe.

"Hiyo ni kazi ya mtu asiyeweza kusikia," alisema. "Andika tunakataa."

Mwenye mwandiko mzuri nyumbani nilikuwa mimi, basi Jumapili baada ya kanisa nikakaa na kalamu. Lakini mimi ni mbishi, na hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia siandiki kukataa kitu ambacho hatujakijaribu. Juu ya kabati kulikuwa na mkono mdogo wa chuma, ule unaofungua vali za injini, alioutoa kwenye ndege ya kunyunyizia ngano dawa kwa sababu tundu lake lilikuwa limelika. Akaugonga mbele yangu. Ukalia vizuri kweli.

"Umesikia, mama watoto?"

Nikautumbukiza kwenye mafuta ya taa. Tulipomaliza kula nikaupangusa, nikaupaka chokaa iliyobaki nilipopaka ukuta.

Mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele.

Nilichana karatasi ya barua, iliyokuwa na salamu tu. Mkono wa pili, mwenzake, aliokuwa ameupitisha kwa sikio lile lile, ulikuwa bado ndani ya injini ya ndege ile, na rubani alikuwa aruke saa kumi. Mume wangu akachukua baiskeli bila hata koti. Nikapanda nyuma na kopo la chokaa, na kile kipande kwenye kitambaa changu cha kichwa.

Tulikuta injini inanguruma. Akasimama mbali kidogo na panga la injini lililokuwa likizunguka, mikono juu, mpaka ikazimwa. Rubani, mzungu mwenye shamba, akashuka akifoka: viwavi wanamaliza ngano, na fundi anamchelewesha!

"Kasirika tu, bwana," mume wangu akamwambia. "Lakini kasirika ukiwa hapa chini."

Kisha akamweleza, mbele ya vibarua wote, kwamba sikio lake lilikuwa limemdanganya.

Rubani akaenda mwenyewe kuleta spana. Mkono ule wa pili ulipofunguliwa, ukalowekwa na kupakwa chokaa, ulibaki mweupe. Ulikuwa mzima kabisa. Nilidhani mume wangu ataona aibu kwa kuzuia ndege bure. Badala yake alikaa kwenye nyasi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akisema, "Mzima! Mama watoto, ni mzima!" Sijaona mtu akifurahia kukosea namna ile, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi yetu.