Mtamba Mweupe wa Mzee Januarius

Mwalimu Nyanjige alikuja kuwasalimia wazazi wake kijijini Ngulyati. Kabla hajaketi, aliona zizini hakuna yule mtamba mweupe.

"Baba, mtamba yuko wapi?"

"Nimekulipia mkopo wako wa chuo," Mzee Januarius akajibu kwa fahari. Juzi alikuja kijana mmoja mwenye tai, akasema ametumwa na bodi ya mikopo, na kwamba deni lisipolipwa Nyanjige atafungwa.

Nyanjige alipandwa na hasira. "Huyo ni tapeli! Bodi inanikata kwenye mshahara kila mwezi, haitumi mtu kuswaga ng'ombe! Hata risiti hukumdai?"

"Nimdai risiti mtu aliyenisalimia kwa Kisukuma na kuutaja ukoo wetu? Niliwaita majirani wawili washuhudie, tukamsindikiza mpaka njiani, kama tunavyotoa ng'ombe wa mahari. Deni la watu wenye heshima hulipwa hivyo."

"Mashahidi! Watu wazima watatu mnamkabidhi mwizi ng'ombe, halafu mnamsindikiza mpaka njiani! Hakuna hata mmoja aliyefikiria kunipigia simu?"

Mzee Januarius akainuka kwenye kigoda. Sasa hasira ilikuwa yake.

"Miaka yote hii unakatwa mshahara, na kila ukija hapa unatuambia serikali inawalipa walimu kidogo. Kwamba mwanangu ana deni, nimeambiwa na mwizi. Wewe ulikuwa unangoja nini kuniambia?"