Mjukuu Aliyenyamaziwa

Veronika wa kijiji cha Kilema, kule mlimani Kilimanjaro, hakuwa mtu wa kunyamaza. Kuku akiingia jikoni alisemwa hadi ukoo wake. Lakini kwa mjukuu wake Dainess, bibi huyu alijitia kufuli mdomoni, jamani, na kisa ni mapenzi.

Juliana, binti yake anayefanya kazi Moshi mjini, alipomleta mtoto alisema, “Mama, Kichagga hapana. Ongea naye Kiswahili tupu, asije akachekwa shuleni.” Sasa Kiswahili cha Veronika kilikuwa cha kanisani na sokoni, kingine kilimkwama. Akaona heri anyamaze kuliko kumharibu mtoto wa watu. Dainess akinyoosha kidole, bibi anampa. Akilia, anabebwa mgongoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu alilelewa kimya, akatimiza miaka mitatu hana neno hata moja.

“Pasaka ikipita hajaongea, namchukua,” Juliana alisema. Veronika hakulala vizuri tena. Bila yule mtoto, katika ile nyumba angebaki na nani?

Akampeleka zahanati. Nesi alimpima masikio, yakawa mazima. Kisha akauliza, “Bibi, kutwa mnaongea nini?”

“Hatuongei,” Veronika akajibu, na aibu ikamshika.

“Loo! Ataongeaje asipoongeleshwa? Tumia lugha yako, bibi. Kiswahili atakikuta kwa wenzake. Na akinyoosha kidole, usiharakishe kumpa. Kitaje kwanza, umsubiri naye ajaribu.”

Basi kufuli likavunjika! Kuanzia asubuhi kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, Veronika alitaja kila mgomba kwa jina, akamsimulia mtoto tabia za ng'ombe, akamshusha mgongoni ili abebe majani yake mwenyewe. Jirani akamtania, “Mama Juliana, siku hizi unahutubia migomba?”

“Nahutubia mwenye shamba!” akajibu.

Wiki zikapita mtoto akitazama tu midomo ya bibi. Mara akaanza kuguna, halafu neno, kisha mawili, hatimaye yakaungana kuwa sentensi. Veronika hakumwambia Juliana. Aliogopa, maana yote yalikuwa Kichagga.

Baada ya Pasaka Juliana akapanda na begi tupu la nguo za mtoto. Veronika alikuwa akipakua kiburu cha ndizi na maharage. Dainess akamvuta mama yake sketi, akamwambia kwa Kichagga safi akae ale, ila apulize, ni cha moto.

Begi likaanguka.

“Nimemwongelesha, mwanangu,” Veronika akasema upesi. “Ukitaka kukasirika, kasirika.”

Juliana hakukasirika. Alimpakata mtoto, akamjibu kwa Kichagga, kwanza kwa kusitasita, kisha maneno yakamiminika. Halafu akainua macho, akamwamkia mama yake kwa lugha hiyohiyo. Tangu ashuke mjini alikuwa akimsalimu kwa Kiswahili tu. Veronika alitaka kuitikia, akabaki ameshika upawa huku machozi yakimtiririka.