Bega la Watu Arobaini

Saa kumi na mbili asubuhi, Burulcha Mambetova anakanda unga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mama anaingia. Analia. Sekunde saba." Anakisoma, anakitia mfukoni mwa aproni, kisha anakitoa tena.

"Nikikichoma jikoni nani atajua?" anasema, halafu anacheka mwenyewe. "Ila wale watoto wana nakala. Siku hizi kila kitu kina nakala."

Burulcha ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mpishi wa kantini ya chuo kimoja cha sanaa mjini Bishkek. Hulipwa som elfu ishirini na nne kwa mwezi na hulisha wanafunzi mia tatu kwa siku. Akimtazama mtu usoni tu, anajua kama hajala tangu jana.

"Wewe hujala," ananiambia kabla hata sijafungua daftari. Ni kweli. Sahani ya boorsok za moto, maandazi madogo ya kukaanga, inashuka mbele yangu, na mahojiano yanasubiri.

Kikaratasi kile kinawakilisha kipande kimoja cha picha katika kionjo cha filamu, yaani video fupi ya kuitangaza. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wametengeneza filamu ya kuchekesha na kuliza, juu ya Samat, mwanafunzi mgeni bwenini anayeletewa bega la kondoo kutoka kwao Naryn. Samat anajifungia chumbani alile peke yake. Harufu inamsaliti, na mlango unagongwa na watu thelathini na tisa, mmoja baada ya mwingine.

Kila aliyelelewa huku anajua kosa la Samat. Paja mtu anaweza kupewa lake, na mbavu vilevile, lakini bega haliliwi na mtu mmoja. Bega ni la watu arobaini, hata kama kila mmoja atapata kipande kidogo kama ukucha.

Darasa lina filamu tisa. Ukumbi wa sinema wa mjini umewapa jioni moja, yenye nafasi ya filamu tatu. Walimu watachagua kwa kutazama vionjo tu, na mwisho wa kuvipokea ni Ijumaa saa sita mchana.

Ndiyo maana kila siku saa tisa alasiri, sahani zikishaoshwa, meza ndefu ya dirishani hugeuka ofisi. Aizirek, mwongozaji wa filamu, hupanga vikaratasi kimoja kimoja na kuvikandamiza kwa vikopo vya chumvi. Eldiyar, aliyeigiza Samat na ndiye pia mhariri, huvipangua.

"Tuweke wote thelathini na tisa wakigonga mlango," anasema Eldiyar. "Watu watavunjika mbavu."

"Wakishacheka yote hapa, ukumbini watakuja kufanya nini? Kukuangalia pua?"

"Pua yangu ina mashabiki, dada."

Burulcha anafuta meza ya jirani, lakini masikio yake yako huku. "Wanangu, mgeni hapewi nyama mlangoni. Mlangoni anapewa harufu. Nyama iko ndani."

Wanafunzi wanatazamana. Vikaratasi ishirini vinaondolewa siku hiyohiyo. Wangemuuliza mapema wangeokoa wiki nzima, lakini nani humuuliza mpishi habari za filamu?

Kilichobaki kuwatatiza ni zile sekunde saba.

Burulcha alipewa nafasi ya mpishi wa bweni, aliyetakiwa kuingia mwisho na kusema, "Haya, gaweni." Lakini siku ya kupiga picha Eldiyar hakuwa amekula, na badala ya kuonja akalimaliza bega zima mbele ya kamera. Burulcha akaingia kabla ya zamu yake, akampokonya mfupa na kupiga kelele, "Ulukbek! Mwanangu, nani kakwambia ule peke yako?" Kisha akalia.

Wote walicheka, wakidhani anaigiza. Aizirek peke yake alizima kamera akaenda kumshika mabega.

Ulukbek ni mwanawe wa pekee. Miaka mitatu iliyopita alikwenda ng'ambo, mjini Yekaterinburg, kufanya kazi ya ujenzi. Asubuhi ya safari mama alimchemshia bega zima, akalifunga kwa kitambaa, akamwambia, "Usimgawie mtu. Njia ni ndefu."

"Niliona huruma ya mtoto, nikasahau desturi," anasema sasa, macho yake yakiwa kwenye unga. "Marehemu mama yangu alikuwa akisema, anayekula bega peke yake atakula peke yake kila aendako. Kila Jumapili Ulukbek ananipigia. Namuuliza, umekula? Anasema nimekula, mama. Umekula na nani? Hapo ananiambia mtandao mbovu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ameubeba miaka mitatu bila kumwambia mtu, hadi kamera ilipoudaka.

Aizirek aliamini sekunde hizo ndizo zitakazoibeba filamu. Hata hivyo alikichukua kikaratasi mezani akampa Burulcha. "Mama, wewe ndiye utakayeamua. Ukikitupa, hazimo, na hatutakuuliza."

Jumanne jioni Burulcha alimwomba Eldiyar amtumie Ulukbek kipande kile kwa simu. "Jina lake ndilo nililolipigia kelele," alisema. "Aone yeye kwanza."

Jumatano ilipita kimya. Burulcha aliunguza wali, jambo ambalo kantini haikumbuki kuliona.

Alhamisi saa tisa na nusu alasiri ujumbe ukaingia, na Aizirek akausoma kwa sauti, kwa kuwa miwani ya mama ilikuwa imejaa mvuke.

"Mama, lile bega sikulila peke yangu. Ndani ya gari tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu alipata kipande, dereva pia. Watano kati yao ndio ninaoishi nao mpaka leo. Sikukwambia kwa sababu ulinikataza kugawa, nikaogopa utanigombeza. Video waoneshe watu. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, bado ishirini na tisa. Hao uwatafute wewe."

Burulcha alikaa juu ya gunia la viazi. "Mjinga huyu," alisema, akilia na kucheka kwa pamoja. "Miaka mitatu ananiogopa mimi!"

Kisha alinyanyuka, akaenda kwenye meza ya dirishani na kukitoa kile kikaratasi mfukoni. Kilikuwa kimejaa unga. Alikiweka mwisho kabisa wa mstari na kukikandamiza kwa kikopo cha chumvi.

Kesho wanakabidhi kionjo. Namuuliza atafanya nini filamu ikichaguliwa. Anasema atachemsha bega moja, asimame nalo kwenye mlango wa ukumbi, kila atakayeingia apate kipande.

"Na isipochaguliwa?"

"Basi ni hapahapa. Wenye njaa hawakosekani."

Anafunua sufuria, anakata kipande chembamba cha nyama ya bega na kunisogezea kwa ncha ya kisu.

"Kula," ananiambia. "Wewe ni wa kumi na mbili."