Mkulima Mmoja Asiyetajwa Jina

Mume wangu, Telesfori Nyandwi, ni mtu mpole. Sijawahi kumsikia akigombana na jirani, lakini mwaka jana aligombana na mkato wiki nzima. Mkato, ile alama ndogo ya kuandikia. Anafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Biharamulo mjini, na alikuwa ameandika makala kuhusu namna wakulima wa Ngara wanavyolinda mbegu za maharage zisibunguliwe na fukusi. Jarida moja likamjibu kwamba makala ni nzuri, ila marejeo hayajapangwa wanavyotaka. Jina la ukoo litangulie, kisha mkato, kisha herufi ya kwanza ya jina lake, nukta, mwaka ndani ya mabano, jina la jarida kwa herufi za kulala. Kila chanzo vivyo hivyo, na vyanzo vilikuwa vingi.

Mimi nauza maharage na dagaa sokoni. Nikirudi jioni namkuta mezani, chai imepoa, macho mekundu.

"Mama Nice," ananiambia, maana Nice ndiye binti yetu, "huyu Mzungu ana majina matatu. La ukoo ni lipi?"

"Kamuulize mkewe," namjibu, naenda zangu jikoni.

Mikato ilikwisha. Kilichobaki ni sentensi moja. Alikuwa ameandika kwamba wanawake wa Keza, kijijini kwao, huchanganya mbegu na majivu ya maganda ya maharage na majani makavu ya mkaratusi, wakazitia chunguni na kukiziba kwa samadi ya ng'ombe. Aliyeipitia makala akaweka swali pembeni: umejuaje? Onyesha chanzo. Telesfori alijua kwa sababu amelelewa kwenye nyumba yenye chungu hicho. Lakini malezi hayana mwaka wala mabano.

Akatafuta kwenye mtandao mpaka akapata makala ya mtafiti mgeni aliyepita Ngara zaidi ya miaka kumi nyuma. Yote yalikuwamo: majivu, mkaratusi, samadi, hata maneno ambayo mbegu huambiwa chungu kinapofungwa, "Lala, usimfungulie mtu." Maneno hayo husemwa na mtu mmoja tu duniani, na ni mama yake Telesfori, Kanyange. Nami ananiambia hivyohivyo anaponipa mbegu za kupanda. Kwenye makala ile, mama ameitwa "mkulima mmoja wa Ngara". Basi.

Nilipandwa na hasira, na hasira zangu soko zima linazijua. Ukale ndizi za mtu, ukalie kigoda chake, uondoke na elimu yake, halafu yeye awe mkulima mmoja! Na sasa mwanawe, ili aseme alichofundishwa na mama yake mzazi, aandike jina la mgeni. Waliosema asiyekuwepo na lake halipo walikuwa wamewaona watu hawa.

Telesfori hakupiga kelele. Alisema heri aifute sentensi kuliko kumfanya mama yake mtu asiye na jina. Nikamwona anaifuta kweli. Lakini makala yote ilisimama juu ya sentensi ile. Bila yake jarida lisingeichapa, na alikuwa ameifanyia kazi kwa miaka. Nikamwambia azisome tena sheria zao, asome mpaka chini. Chini kabisa waliandika kwamba mahojiano yanakubalika kuwa chanzo, mradi msemaji atajwe jina na atoe ruhusa kwa maandishi.

Jumamosi tukapanda basi hadi Ngara, kutoka pale bodaboda hadi Keza.

Tulimkuta mama anapepeta maharage uani. Nikapiga goti, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwana wanje," akajibu, akiniita mwanangu kwa Kirundi chake, akatukaribisha chakula kabla hatujasema lolote. Baada ya kula mama alirudi kwenye ungo wake, na Telesfori akaanza kueleza polepole, kama yuko darasani. Mimi nikashindwa kungoja.

"Tumekuja kumrekebisha yule mwizi, mama."

"Mwizi gani?"

"Mgeni uliyemfundisha chungu. Amekuandika mkulima mmoja!"

Mama akaweka ungo chini. "Basi alitunza neno lake," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asiniandike."

Akatueleza. Mwaka ule kulikuwa na watu wanaopita vijijini wakiandika waliotoka ng'ambo ili warudishwe kwao. Yeye alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa, akazaa hapa, akazika mume hapa, na bado kila alipoona mtu na karatasi alikuwa anaingia shambani kujificha. "Jina likishaandikwa, linaitwa," alisema. "Likiitwa, unaondoka. Yule kijana alinielewa. Alitia kalamu mfukoni, ndipo nikamwambia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemtukana mtu sokoni kwa sababu aliheshimu hofu ya mama mkwe wangu.

"Basi sitakuandika, mama," Telesfori akasema, akaanza kukunja karatasi zake. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mimi ni mkewe, niliona kazi yake inakunjwa pamoja nazo.

"Hebu," mama akanyoosha mkono. Hajui kusoma. Akapitisha kidole kwenye ile orodha ya marejeo, mstari kwa mstari. "Hawa ni akina nani?"

"Watu ambao nimetumia maneno yao."

"Wako hai wote?"

"Wengine walikufa zamani."

"Na bado wamo?"

"Wamo, mama. Ili anayesoma ajue neno lilitoka kwa nani."

Kidole chake kilirudi juu ya orodha. Kisha akasema, "Basi mwandike Iteka. Yeye hakuna atakayemwita."

Iteka alikuwa mama yake. Ndiye aliyevuka mto Ruvuvu na mbegu zile amezifunga kiunoni, ndiye aliyemfundisha majivu na chungu. Alikufa kwa homa masika yaleyale waliyovuka. "Tulimzika kando ya njia," mama alisema. "Hana msalaba, hana jiwe. Jina lake halijaandikwa popote."

Sasa Telesfori, badala ya kusema ndiyo na yaishe, akasema ukweli. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana nampenda, na ndiyo maana wakati mwingine nataka kumpiga na mwiko. Alisema anaweza kumwandika Iteka, ila watauliza nani alimsikia, na asipotajwa mtu, wanaweza kumfuta.

"Watamfuta?"

"Wanaweza, mama. Hana shahidi."

Mama aliivuta ile karatasi karibu.

"Humo ndani kuna mtu anayejua Kirundi?"

"Hapana, mama."

"Basi niandike na mimi, karibu naye. Asikae peke yake kwa watu asiowajua."

Telesfori alichukua kalamu, akaiweka, akaenda nyuma ya nyumba. Karatasi ya ruhusa nikaiandika mimi. Nilikuwa nimeanza na herufi ya kwanza ya Kanyange, kwa kuwa ndiye mtoa ruhusa, mama akaniuliza naandika jina la nani. Nikamwambia.

"Hapana," akasema. "Anza na yeye."