Konzi ya Juu

Haya niliyosababisha Homa Bay siwezi kuyasimulia nikiwa nimeinua uso, kwa hivyo nitachambua omena wangu, dagaa hawa wa ziwani, hapa na nyinyi mtasikiliza tu. Nauza omena Oyugis tangu nikiwa na meno yote, na sijawahi kumpimia mtu gorogoro, lile kopo letu la kupimia, bila kumtilia konzi moja juu, kwa sababu usipomwongezea atakuita mchoyo mpaka kanisani (na kanisani kwetu watu wanakaa sana).

Sasa binti yangu Akinyi, mwalimu wa sayansi, alikuwa anachoma vijiwe kwenye tanuri la shule, yeye anaviita fuwele, ukivimulika na ile taa ya kukagua noti bandia vinawaka vyekundu. Wageni wa chuo kikuu walikuwa wanakuja Homa Bay kuchagua mwalimu mmoja akasome zaidi. Jiwe lake la majaribio lilikuwa zuri, vipimo vyake akaviandika, akabaki kutengeneza lile kubwa la kuonyesha. Nilimpelekea chakula nikamkuta ametia kwenye mchanganyiko wa jiwe ule unga unaoyafanya yawake, kidogo kama chumvi ya yai, na mwingi umebaki kwenye karatasi. Alipotoka kunawa mikono nikaona huu ni uchoyo, nikautia wote, nikakoroga. Sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Siku yenyewe nilienda na wamama sita wa soko, nimeshawaambia jiwe la mtoto wangu litawapita wote. Taa ikawashwa. Likatoa wekundu hafifu, kama kaa lililomwagiwa maji, na mashine yao ikasema mwanga unakufa haraka kuliko Akinyi alivyoandika. Mzee wa wageni akamuuliza, kwa upole kabisa, kama hizo hesabu alizipika.

Nikasimama. "Mtoto wangu hajadanganya. Ni mimi niliongeza unga."

Ukumbi ukacheka, hata wamama wangu wakacheka. Mzee akasema basi kazi imeguswa na mtu mwingine, haiwezi kupimwa, akafunga daftari. Akachaguliwa mwingine.

Tukirudi nyumbani Akinyi alisema mara moja tu: "Mama, hizo chembe za unga zikisongamana zinapitishiana mwanga, unazunguka mpaka unapotea. Kile kidogo ndicho kilikuwa kipimo."

Nimeapa, sasa napima gorogoro sawa na mdomo wake, na wateja wananuna, wacha wanune. Akinyi bado ananitembelea, hana neno baya. Lakini nikimwekea chai anafunika kikombe kwa kiganja, halafu anajitilia sukari mwenyewe.